Beringi Inayovuma na Breki Zinazokwisha: Namna ya Kuzikagua Pamoja kwenye Gari Kuukuu

Gari langu lilibadilishiwa beringi ya gurudumu la mbele kushoto mara mbili ndani ya mwaka mmoja, katika gereji ile ile, na mara zote mbili mvumo ulirudi baada ya miezi michache. Mara ya tatu nililipeleka kwa fundi mwingine, mtu wa makamo, ambaye hakuigusa beringi kwanza. Alilipandisha gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, nalo likasimama kabla ya kumaliza hata nusu mzunguko. "Mzee, beringi yako inapikwa," aliniambia, "na anayeipika ni breki." Pini za kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, zilikuwa zimekauka grisi na kushika kutu, kwa hiyo pedi zilikuwa zikiisugua diski safari nzima hata nisipokanyaga breki. Joto lilitoka kwenye diski likaingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, grisi iliyomo ndani ya beringi ikalainika na kupoteza nguvu, na beringi mbili mpya zikafa kwa maradhi yasiyokuwa yao.

Tangu siku ile sikagui kimoja bila kingine, na mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo hilo. Uharibifu huenda pia kwa njia ya kinyume. Beringi iliyolegea huifanya diski iyumbe, na diski inayoyumba huzisukuma pedi nyuma pamoja na pistoni ya kalipa, hivyo unapokanyaga breki mara ya kwanza pedali hushuka sana kabla ya kushika, na unapokanyaga mara ya pili inakuwa imara. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kutoa upepo kwenye breki au kununua mastasilinda (pampu kuu ya mafuta ya breki), ilhali kilichochoka ni beringi.

Kwa sisi tunaoendesha Dodoma na wilaya zake, mazingira yenyewe huongeza kasi ya uchakavu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, magari mengi yamekuja hapa yakiwa yamekwisha kuishi miaka kadhaa katika hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, na chumvi hiyo huanzisha kutu kwenye pini za kalipa, kwenye kingo za diski na kwenye chuma kinachobeba habu. Yakifika huku hukutana na vumbi la kiangazi, ambalo kuanzia Mei hadi Novemba huingia kila penye upenyo. Zinapokuja mvua, kati ya Desemba na Aprili, hupitishwa kwenye makorongo yaliyojaa maji na mchanga. Habu iliyopata moto barabarani ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Ndiyo maana nashauri kwamba mwenye gari kuukuu anayelazimika kuvuka korongo asimame kwanza dakika kumi au kumi na tano magurudumu yapoe, kisha avuke taratibu.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Chagua asubuhi yenye utulivu na barabara ya lami iliyonyooka, kama ile ya kuelekea Bahi au Chamwino, zima redio, na funga vioo. Beringi mbovu hutoa mvumo mzito unaofanana na wa ndege inayopita mbali, nao huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Jambo la kuzingatia ni kwamba mvumo huo hufuata mwendo wa magurudumu, haufuati mzunguko wa injini. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta ukiwa katika kilomita 70 kwa saa, injini hutulia lakini mvumo hubaki, kisha hupungua polepole pamoja na gari.

Panapokuwa salama, piga kona pana kuelekea kulia. Uzito wa gari hulalia upande wa kushoto, na mvumo ukizidi, ishara kubwa ni kwamba tatizo liko kwenye beringi ya kushoto. Ukizidi katika kona ya kushoto, shuku ya kulia. Kanuni hii husaidia sana, ingawa si hukumu ya mwisho, kwa sababu sauti husafiri kwenye bodi ya gari na mara nyingine huonekana kama inatoka mbele kumbe chanzo kiko nyuma.

Tairi lililolika vibaya pia huvuma, na wengi wamebadilisha beringi nzima kwa kosa hilo. Sauti ya tairi hubadilika unapotoka kwenye lami laini kwenda kwenye lami yenye kokoto zilizojitokeza, ilhali sauti ya beringi haijali sana aina ya barabara. Ukibaki na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha rudia njia ile ile: sauti ikihama, tatizo ni tairi.

Ukirudi nyumbani, egesha bila kukanyaga breki kwa nguvu katika mita za mwisho, kisha kisogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa kwanza. Gurudumu moja likitoa joto kubwa kuliko mwenzake wa upande wa pili wa ekseli ile ile, hapo ndipo pa kuanzia. Magurudumu ya mbele huwa na joto zaidi ya ya nyuma kwa kawaida, kwa sababu hubeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, kwa hiyo usilinganishe la mbele na la nyuma.

Kupandisha gari na kupima

Egesha mahali tambarare. Viwanja vyetu vingi ni vya mchanga au kifusi, hivyo weka ubao mgumu na mpana chini ya jeki, na weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati za tairi kidogo kabla ya kupandisha. Gari likishapanda, lisimamishe juu ya stendi za chuma. Matofali, hata yale ya saruji, hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na nawasihi wasomaji wasiyatumie kabisa kushikilia gari ambalo mtu ataingiza mkono au mwili chini yake.

Shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, kisha livute na kulisukuma kwa zamu. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki na ulijaribu tena. Breki inapokanyagwa, pedi huifunga diski na chuma kinachobeba habu kuwa kitu kimoja. Kama kucheza kumekoma, beringi ndiyo iliyolegea, na kama kunaendelea, chunguza bolijointi na bushi, yaani viungo na raba zinazoshikilia gurudumu. Kisha shika kushoto na kulia. Kucheza kunakoonekana kwa mshiko huu peke yake kwa kawaida hutoka kwenye tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu.

Beringi nyingine huvuma sana bila kucheza hata kidogo, kwa sababu golori zake, vile vipira vya chuma vilivyomo ndani, zimechubuka lakini bado zimebana. Kwa hizo, weka vidole juu ya springi ya shokapu huku ukilizungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Springi hupokea mtetemo, na beringi iliyochubuka utaihisi ikikwaruza vidoleni hata kama masikio hayasikii kitu.

Sasa lizungushe gurudumu kwa nguvu na uliache. Sauti nyepesi ya pedi kugusa diski ni ya kawaida. Gurudumu linalokataa kuzunguka, kama lilivyokuwa langu, linakuambia kwamba breki haiachii, na hapo usiende kununua beringi kabla hujajua sababu.

Breki isiyoachia

Kwanza tambua kama kinachobana ni mgandamizo wa mafuta au ni chuma kilichokwama. Lizungushe gurudumu lililobana, kisha fungua kidogo niplo ya kutolea upepo kwenye kalipa, ukiwa umeivalisha kipande cha mpira kinachoingia kwenye chupa. Kama mafuta yanatoka kwa kasi na gurudumu linalegea papo hapo, kuna mgandamizo ulionaswa, na mara nyingi chanzo ni mpira wa breki uliozeeka na kuvimba ndani: huruhusu mafuta kwenda unapokanyaga, lakini huyazuia kurudi. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa. Kama gurudumu linabaki limebana hata baada ya kufungua niplo, basi pistoni au pini ndizo zimekwama.

Vua tairi, fungua kalipa, na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wake. Toa pedi zote mbili na uzilinganishe, kwa kuwa pedi ni shahidi mzuri. Ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, kalipa haitelezi kwenye pini zake, na pistoni inasukuma upande mmoja tu. Pedi iliyolika kwa mshazari, nene mwisho mmoja na nyembamba mwisho mwingine, huashiria kalipa inayokaa upande au beringi inayoyumbisha diski. Zikiwa zimelika sawa, mfumo unafanya kazi vizuri na umri wake tu ndio umefika.

Pedi mpya kwa magari mengi madogo huwa na unene wa milimita 10 au zaidi wa sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Watengenezaji kadhaa huruhusu ziendelee hadi karibu milimita 1, lakini mimi huzitoa zikifika 3. Pedi nyembamba hupitisha joto kwa urahisi hadi kwenye mafuta ya breki, na kwa mtu atakayeshuka mlima wa Nyang'oro kati ya Iringa na Mtera gari likiwa limejaa, milimita mbili zilizobaki ni akiba ndogo mno.

Chomoa pini za kalipa, zifute, na uziangalie kama zina mashimo ya kutu. Zilizochimbika zibadilishwe. Zilizo nzima zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika katika gereji zetu: grisi ya kawaida ya beringi, oili ya injini na petroli huzivimbisha raba za breki, na raba iliyovimba huikamata pini au pistoni upya baada ya wiki chache. Kazi inaonekana imefanywa, gari linaondoka vizuri, na ugonjwa unarudi ukiwa mkubwa zaidi. Kuosha sehemu za ndani, tumia mafuta ya breki yenyewe au dawa maalumu ya kusafishia breki.

Kabla ya kuirudisha pistoni ndani, fungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki na uangalie kiwango, kwa sababu mafuta yatapanda na yanaweza kumwagika, nayo hula rangi ya gari. Yakimwagika, osha mara moja kwa maji mengi. Mafuta ya breki hushuka kwenye tangi kwa kawaida pedi zinapolika, kwani pistoni husogea mbele na kuhitaji mafuta mengi nyuma yake. Kwa hiyo mtu anayeongeza mafuta kila kiwango kinaposhuka, bila kuangalia pedi, anaizima taarifa aliyokuwa akipewa.

Mafuta yenyewe nayo huzeeka. Hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu hupunguza kiwango chake cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinachodaiwa hushuka hadi 140, nayo ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na usitumie chupa iliyobaki wazi tangu masika yaliyopita.

Diski ikaguliwe kwa unene wake. Kiwango cha chini kabisa kwa kawaida kimechongwa kwenye diski yenyewe, na kipimo cha venia hutoa jibu baada ya sekunde chache. Kama usukani hutetemeka unapofunga breki, diski inaweza kukerezwa ili mradi itabaki juu ya kiwango hicho. Lakini pima beringi kwanza, kwa sababu diski iliyonyooshwa ikafungwa kwenye habu inayoyumba itaharibika tena.

Breki za nyuma za magari mengi ni za ngoma, ambazo viatu husugua ndani ya kifuniko cha duara, nazo hazisumbui sana. Teremsha breki ya mkono, na kama ngoma imegoma kutoka, tafuta matundu mawili madogo yenye nyuzi kwenye uso wake. Kwenye magari mengi ya Kijapani boliti mbili za milimita 8 zikikazwa humo kwa zamu huisukuma ngoma itoke bila kupigwa nyundo. Usilipulize vumbi lililomo kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani, na baadhi ya vile visivyojulikana vilikotoka, vinaweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni na ulifute. Viatu vikiwa vimelowa, tambua majimaji hayo ni nini kabla ya kununua vipya: mafuta ya breki hutoka kwenye silinda ya gurudumu, na grisi hutoka kwenye sili ya beringi.

Kubadilisha beringi

Namba ya beringi huwa imeandikwa kwenye ukingo wa ringi yake, hivyo ipeleke ya zamani dukani na ulinganishe namba, upana na vipenyo. Beringi zilizochomolewa kwenye magari yaliyovunjwa sizipendekezi hata zikiwa na bei nafuu, kwani nguvu ya kuichomoa beringi iliyobanwa mara nyingi hupitia kwenye golori na kuacha alama ndogo kwenye njia zake, na mvumo huanzia hapo. Utaambiwa pia kwamba lazima ubadilishe kushoto na kulia kwa pamoja. Kwa pedi hilo ni lazima, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kwa beringi silioni kuwa la lazima, na fedha hiyo ni bora itumike kununulia beringi moja iliyo bora.

Baadhi ya magari yana beringi iliyoungana na habu, inayofungwa kwa boliti, na kazi hiyo mtu mwenye spana na uvumilivu anaweza kuifanya mwenyewe. Mengine mengi, hasa mbele, yana beringi inayoshindiliwa, na hiyo huhitaji presi. Kama fundi wako hana presi, mwache akifungue kile chuma kinachobeba habu na mkipeleke kwenye karakana iliyo nayo mjini. Msimkubalie anayetaka kuipiga nyundo. Beringi inapoingizwa kwenye tundu lake, isukumwe kwa ringi ya nje. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe kwa chini. Kanuni ni moja tu: nguvu isipite kwenye golori. Ringi ya zamani ikibaki kwenye habu iondolewe bila kuikwaruza habu, na habu yenyewe ikiwa imelika au kupata rangi ya buluu kwa joto, ibadilishwe pia. Kwa magari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki, beringi nyingi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, na upande huo lazima uelekee kwenye kitambuzi cha mwendo. Ukigeuzwa, taa ya ABS itawaka na kazi yote itarudiwa.

Nati ya ekseli iwe mpya, ikazwe kwa spana inayopima mkazo kwa kiwango kilichotolewa na mtengenezaji, kisha ifungwe kwa namna ilivyokusudiwa. Usilishushe gari juu ya gurudumu wala kulisukuma nati hiyo ikiwa bado haijakazwa, kwani ndiyo inayozibana pamoja ringi za ndani. Pikapu na baadhi ya magari ya mizigo hutumia beringi za rola zilizochongoka, na utaratibu wake ni tofauti: grisi hushindiliwa kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa rola, nati hukazwa huku habu ikizungushwa ili rola zikae, hulegezwa, kisha hukazwa tena kidogo tu na kufungiwa kotapini. Ikikazwa kama nati ya kawaida, beringi itaungua.

Kurudisha na kujaribu

Fungia kalipa, rudisha tairi, na ukaze nati kwa mtindo wa msalaba. Kwa magari mengi madogo ya Toyota mkazo wake ni takriban nyutonimita 103. Kabla ya kuwasha gari kuondoka, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ulizozirudisha ndani ziko mbali na pedi, na mguu wa kwanza hautashika kitu.

Pedi mpya zizoeshwe: kutoka kilomita 60 kwa saa punguza hadi 20 kwa breki ya wastani, mara nane hadi kumi, ukiacha muda wa kupoa kati ya moja na nyingine, bila kulisimamisha gari kabisa huku breki zikiwa na moto. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena nati za tairi, na usogeze kiganja karibu na rimu zote nne kama ulivyofanya mwanzoni. Mimi huandika tarehe, kilomita na unene wa kila pedi kwenye daftari dogo ninaloliweka ndani ya gari, na ukaguzi unaofuata huufanya mwezi Mei, mvua zikishakoma na makorongo yakishakauka, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye habu wakati wa masika huanza kusikika wakati huo.